Wa Kukamatwa ni Nani?

Kabla hajageukia makahaba wa Paris, daktari Alexandre Parent-Duchâtelet alikuwa bingwa wa mitaro ya maji machafu. Alishuka humo mwenyewe, akachunguza uvundo, matope na afya za vibarua walioizibua. Kwa hiyo watu walipomshangaa kwa kuanza kupiga hodi kwenye madanguro, jibu lake lilikuwa jepesi: ikiwa hakuna aliyemlaumu kwa kuingia mtaroni, mbona alaumiwe kwa kuingia huku? Kitabu chake kilitoka mwaka 1836, mwaka uleule aliofariki, kikiwa kimejaa majedwali ya walikozaliwa wanawake hao, kazi za baba zao, hata rangi ya macho yao. Hitimisho lake lilikuwa kwamba ukahaba hauwezi kufutwa katika jiji kubwa. Kazi ya serikali ni kuusimamia, kama inavyosimamia mitaro.

Serikali ya Ufaransa haikuhitaji kushawishiwa, maana tangu mwanzoni mwa karne hiyo ilikuwa tayari inafanya hivyo. Askari wa kitengo cha maadili waliwaandikisha makahaba wa Paris. Waliokaa kwenye madanguro yenye kibali walipewa namba, na waliojitegemea walipewa kadi. Madirisha ya madanguro hayo yalitakiwa yafungwe muda wote. Kila aliyeandikishwa alipaswa kwenda kupimwa kwa zamu, na aliyekosa zamu yake alitupwa katika jela ya Saint-Lazare bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Hakuwa mhalifu, kwa kuwa ukahaba haukuwa kosa la jinai. Alikuwa tu mtu aliyevunja kanuni za polisi, na polisi wenyewe ndio waliopanga akae ndani siku ngapi. Kuhusu wanaume waliopanda ngazi za nyumba hizo kila usiku, hakukuwa na rejesta, kadi wala zamu ya kupimwa.

Ng'ambo ya bahari, Waingereza walijigamba kwamba hawana upuuzi huo wa Kifaransa. Walikuwa na wa kwao. Mwaka 1824, nchi ikiwa imejaa askari waliorudi kutoka vita vya Napoleon bila kazi wala makao, Bunge lilipitisha Sheria ya Uzururaji. Miongoni mwa watu waliohesabiwa kuwa wavivu na wakorofi aliwekwa kahaba anayetembea barabarani na kufanya vitendo visivyo vya heshima. Adhabu yake ilikuwa hadi mwezi mmoja wa kazi ngumu. Kuuza mwili hakukuwa kosa, wala kununua. Kosa lilikuwa kuonekana njiani ukiwa mtu wa aina hiyo. Mstari huo una maisha marefu, na baadaye katika simulizi hii utatokea sehemu ambazo watunzi wake hawakuwahi hata kuziona kwenye ramani.

Kilichobadilisha mambo Uingereza ni jeshi. Askari wengi hawakuruhusiwa kuoa, na wodi za hospitali za kambi zilijaa wagonjwa wa kaswende na kisonono. Jeshi lilikuwa na desturi ya kuwakagua askari wenyewe, lakini wanaume hao waliona wanadhalilishwa, wakanung'unika, na mwaka 1859 ukaguzi huo ukaachwa. Miaka mitano baadaye ukapatikana mwili mwingine wa kukagua. Sheria ya Magonjwa ya Kuambukiza ya 1864 ilitumika katika miji kumi na moja ya kambi na bandari, ikiwamo Portsmouth, Plymouth, Aldershot na Cork. Ilifuatiwa na nyingine mwaka 1866 na 1869, hadi maeneo yakafika kumi na manane.

Utekelezaji wake ulikuwa hivi. Askari kanzu kutoka London alikaa mjini, akatazama nani anatoka na nani. Akimshuku mwanamke, shuku hiyo ilitosha kumwita mbele ya hakimu, isipokuwa kama mwanamke mwenyewe "angekubali kwa hiari" kutia saini karatasi ya kupimwa. Wengi hawakujua kusoma walichotia alama. Baada ya hapo alilazwa mezani, daktari akaingiza chuma. Akikutwa mgonjwa alifungiwa hospitali maalumu, mwanzoni kwa miezi isiyozidi mitatu, na kufikia 1869 kwa miezi tisa. Akikutwa mzima aliachiwa, ila kila mtaa ulishajua alikotoka.

Hapo ndipo anapoingia Josephine Butler. Alikuwa mke wa mkuu wa shule mjini Liverpool, mwanamke wa ukoo wa watu wenye nafasi, aliyempoteza binti yake mdogo, Eva, mwaka 1864 kwa kuanguka kutoka ghorofani ndani ya nyumba yao. Msiba huo ulimtoa nyumbani. Alianza kwenda kwenye jumba la maskini la Brownlow Hill, ambako wanawake waliwekwa katika chumba cha chini kufumua kamba kuukuu za meli kwa vidole ili kupata chakula na mahali pa kulala. Butler aliomba kuingia, akaketi sakafuni kati yao, akachukua fungu lake la kamba. Hakujua kazi hiyo hata kidogo. Walimcheka, na kwa kicheko hicho wakazoeana. Kabla ya muda mrefu baadhi yao walikuwa wakilala nyumbani kwake, mumewe, kasisi wa Kanisa la Anglikana, akiwapokea mlangoni kama wageni wengine.

Mwishoni mwa 1869 akakubali kuongoza chama cha wanawake cha kupinga sheria hizo, na kuingia mwaka 1870 tamko lao likachapishwa magazetini likiwa na majina ya Florence Nightingale na Harriet Martineau. Mwanamke wa heshima kusimama jukwaani na kutaja chombo cha daktari wa wanawake mbele ya wafanyakazi wa viwandani lilikuwa jambo lisilosikika. Hoja yake haikuwa kwamba ukahaba ni kazi nzuri. Yeye alikuwa Mkristo wa dhati na aliuona ni dhambi. Alichokataa ni dola kuwakamata wanawake maskini na kuwasafisha kwa ajili ya matumizi ya wanaume wasioguswa.

Mwaka huohuo, katika uchaguzi mdogo wa Colchester, chama tawala kilimsimamisha Sir Henry Storks, jenerali aliyewahi kutawala Malta na ambaye hakuficha kuwa anaziunga mkono sheria hizo. Butler alikwenda kumpinga. Wahuni, wengi wao wakiwa watu wa wenye madanguro, walivunja mikutano, wakawapiga wasemaji, wakaizingira hoteli aliyofikia hadi mwenye hoteli akamwomba aondoke. Storks alishindwa.

Kilichoteka hisia za taifa zaidi ya uchaguzi ni kifo. Katika mji wa kambi wa Aldershot aliishi mjane aliyeitwa Bi Percy, mwimbaji wa majukwaani aliyewatumbuiza askari, pamoja na binti yake. Polisi waliwataka wote wawili waende kupimwa. Bi Percy alikataa, akaandika gazetini kulalamika. Wenye kumbi, kwa kuogopa polisi, wakaacha kumpa kazi. Mwezi Machi 1875 mwili wake ulikutwa katika mfereji wa Basingstoke. Sheria hizo zilisimamishwa mwaka 1883 na kufutwa kabisa mwaka 1886, miaka kumi na saba baada ya Butler kuanza. Kabla ya hapo Tume ya Kifalme ilikuwa imeeleza rasmi, bila kuona aibu, kwamba hakuna ulinganisho kati ya mwanamke afanyaye jambo hilo kwa faida na mwanamume afanyaye kwa msukumo wa maumbile.

Lakini harakati hizo zilizaa mtoto asiyefanana na mama yake. Mwaka 1885 mwandishi wa habari W. T. Stead, akishirikiana na kundi la Butler, alimnunua msichana wa miaka kumi na mitatu, Eliza Armstrong, ili kuuthibitishia umma kwamba watoto wanauzwa London kwa pauni tano tu. Habari zake katika Pall Mall Gazette zililipua mji. Bunge likapandisha umri wa ridhaa kutoka miaka kumi na mitatu hadi kumi na sita, jambo lililokuwa la lazima, na Stead mwenyewe akafungwa miezi mitatu kwa kumchukua msichana huyo bila idhini ya baba. Ila sheria hiyohiyo iliwapa polisi nguvu mpya ya kuvamia madanguro. Vyama vya maadili vikaanza kuzunguka mitaani vikihesabu milango, na wanawake waliokuwa wakipanga vyumba pamoja wakatimuliwa, wakaishia mikononi mwa makuwadi waliojua namna ya kuwaficha. Butler aliwaonya wenzake dhidi ya mwelekeo huo. Hawakumsikiliza.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa 1824. Mwaka 1899 koloni la Queensland, huko Australia, lilipitisha Kanuni ya Adhabu iliyotungwa na jaji Samuel Griffith, kazi iliyosifiwa kwa kukusanya sheria ya jinai ya Kiingereza mahali pamoja. London iliipenda. Ikapelekwa Nigeria ya Kaskazini mwaka 1904, na mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zikaacha Kanuni ya Adhabu ya India na kupokea kanuni za ukoo huo. Pamoja nazo yakaja makosa ya uzururaji, yakiwa na maneno yaliyokaribia kufanana na yale ya 1824: kahaba anayerandaranda au kutafuta wateja hadharani ni mtu mvivu na mkorofi. Pia ikaja adhabu kwa mwanamume anayeishi kwa mapato ya kahaba, na kwa mwenye danguro. Kitendo chenyewe cha kujiuza hakikutajwa kuwa kosa, si Kenya wala Tanganyika. Uganda baadaye ilikwenda mbali zaidi, ikaufanya ukahaba wenyewe kuwa kosa lenye kifungo cha hadi miaka saba.

Nairobi ya wakati huo inaonyesha jinsi sheria hiyo ilivyofanya kazi, au ilivyoamua kutofanya. Mwanahistoria Luise White alizungumza na wazee wengi wa jiji hilo, wake kwa waume, na kitabu alichokitoa mwaka 1990 kinawaonyesha wanawake hao kama watu wenye hesabu zao. Walijigawa kwa namna ya kazi. Watembezi walitafuta wanaume njiani. Malaya walikaa vyumbani mwao Pangani na Pumwani, mwanamume akaja mwenyewe kwa adabu. Humo alipata kitanda, na pia chai, chakula, maji ya kuoga na mtu wa kuongea naye baada ya siku nzima ya kuitwa "boi". Wazi-wazi, wengi wao wanawake wa Kihaya waliotoka Bukoba katika miaka ya 1930, waliketi nje ya milango yao na kutaja bei kwa sauti, jambo lililowaudhi sana malaya wa zamani waliojiona wastaarabu.

Pesa hizo zilijenga. Baadhi ya wanawake, wengi wakiwa wamesilimu na kukata uhusiano na jamaa za bara, walijenga nyumba za udongo huko Pangani na kupangisha vyumba. Walipokosa watoto walijichagulia warithi. Wakati ambapo mwanamume Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia tu mjini, mwenye kipande, yaani kitambulisho cha kibarua, shingoni, mwenye nyumba wake mara nyingi alikuwa mwanamke.

Wakoloni waliyajua yote haya. Hawakuwa na haraka. Jiji lilihitaji vibarua waje bila wake zao, walale kwenye vitanda vya kukodi na kulipwa mshahara wa mtu mmoja. Aliyewapikia na kuwafulia bila waajiri kugharimika senti alikuwa malaya. Kwa hiyo kipengele cha uzururaji kiliwaangukia zaidi watembezi waliokutwa njiani, huku aliyekaa chumbani akiachwa. Walipoibomoa Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930, hawakuwa wanapambana na ukahaba. Walikuwa wanaondoa kijiji cha Waafrika kwenye ardhi waliyoitaka.

Uingereza yenyewe haikujifunza mengi kutoka kwa Butler. Kamati ya Sir John Wolfenden, inayokumbukwa kwa kupendekeza mwaka 1957 kwamba mapenzi ya jinsia moja baina ya wanaume watu wazima faraghani yasiwe jinai, ilipendekeza pia adhabu kali zaidi kwa makahaba wa barabarani. Watu wengi husahau nusu hiyo ya pili. Sheria ya 1959 ikafuata, na kuanzia hapo polisi hawakuhitaji tena kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyeudhiwa. Mitaa ya London ikaonekana safi, biashara ikahamia kwenye vyumba vya kupanga na namba za simu.

Mapinduzi ya kweli yalikuja kutoka Sweden. Tarehe 1 Januari 1999 sheria ilianza kutumika iliyogeuza karne mbili juu chini: kununua ngono ni kosa, kuuza si kosa. Watetezi wa haki za wanawake walioisukuma waliona ukahaba ni ukatili wa mwanamume dhidi ya mwanamke, na anayefanyiwa ukatili haadhibiwi. Adhabu ya mnunuzi ilikuwa faini au kifungo cha hadi miezi sita, baadaye mwaka mmoja. Mwaka 2010 tathmini iliyoongozwa na Anna Skarhed, aliyekuwa Kansela wa Haki wa Sweden, ilieleza kwamba ukahaba wa mitaani ulikuwa umepungua kwa nusu. Wapenzi wa sheria hiyo hutaja nusu hiyo kila mara, na ni nadra kuongeza kwamba miaka hiyohiyo simu ya mkononi na intaneti viliingia kila nyumba.

Norway na Iceland ziliifuata mwaka 2009, kisha Kanada, Ireland na nyingine. Lakini Oslo ilionyesha tundu lililo kwenye mpango huo. Norway ilikuwa bado na sheria ya kumwadhibu mwenye nyumba anayepangisha kwa ajili ya ukahaba. Polisi wa jiji waliendesha operesheni iliyopewa jina linalomaanisha "asiye na makao": waliwajulisha wenye nyumba kwamba wapangaji wao wanauza ngono, na kwamba wasipowatoa watashtakiwa. Wengi waliotolewa walikuwa wanawake kutoka Nigeria. Hakuna aliyemfungulia mashtaka hata mmoja wao kwa kujiuza. Walikuwa nje tu, na mizigo yao.

Upande mwingine wa dunia, jambo hilohilo lilishughulikiwa na watu waliolifanya. New Zealand ilikuwa na unafiki wa kipekee: vyumba vya kukandwa mwili viliendeshwa kwa leseni chini ya sheria ya 1978, kila mtu akijua kinachouzwa humo, huku mwanamke aliyemtajia mteja bei akishtakiwa na mteja akienda zake. Majina ya wafanyakazi wa vyumba hivyo yaliwekwa kwenye daftari ambalo polisi waliweza kulifungua. Kondomu zilikusanywa kuwa vidhibiti mahakamani, wakati uleule wizara ya afya ikiwahimiza watu wazitumie. Mwaka 1987 wanawake wachache, miongoni mwao Catherine Healy aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, walianzisha umoja wao. Serikali ikaupa fedha za kupambana na UKIMWI, na ndani ya ofisi hiyo ndogo rasimu ya sheria mpya ikaanza kuandikwa.

Mbunge Tim Barnett aliiwasilisha rasimu hiyo kama muswada binafsi mwaka 2000. Usomaji wa tatu ulifanyika usiku wa tarehe 25 Juni 2003, na hakuna aliyejua utaishaje. Georgina Beyer, mbunge wa kwanza duniani aliyejulikana wazi kuwa amebadili jinsia, na ambaye ujanani aliwahi kujiuza, alisimama na kuwaeleza wenzake kuhusu kubakwa kwake na jinsi alivyoshindwa hata kwenda polisi kwa sababu ya kazi aliyoifanya. Kura zikapigwa: 60 za ndiyo, 59 za hapana. Mmoja hakupiga. Alikuwa Ashraf Choudhary, Mwislamu pekee bungeni, na kama angepiga ya kupinga, idadi zingelingana na muswada ungekufa.

Sheria hiyo haikuunda leseni kwa mfanyakazi. Watu wasiozidi wanne wanaweza kufanya kazi pamoja nyumbani bila mkubwa wala kibali, na mwenye danguro kubwa ndiye anayepaswa kuwa na cheti. Kila mtu ana haki ya kumkataa mteja. Mwaka 2014 mwanamke mmoja wa Wellington alimshtaki meneja wa danguro lake kwa unyanyasaji wa kijinsia, akalipwa dola 25,000 za nchi hiyo. Mwaka 2018 Healy akatunukiwa nishani inayompa cheo cha Dame. Hata hivyo sheria hiyo ina kifungu cha 19, kilichoongezwa ili kuwatuliza waliosita: mwenye viza ya muda hana ruhusa ya kufanya kazi hiyo. Akidhulumiwa anajua kwamba kwenda kulalamika ni kujipeleka uhamiaji.

Ujerumani ilijaribu njia ya tatu. Mwaka 2002 iliruhusu mikataba na bima, karibu hakuna aliyeandika mkataba, na mwaka 2017 ikarudi kwenye uandikishaji: kila anayejiuza ajisajili, apewe ushauri wa afya, abebe kadi. Parent-Duchâtelet angeielewa sheria hiyo bila mkalimani.

Ufaransa yenyewe ilizunguka zaidi. Tarehe 13 Aprili 1946 ilifunga madanguro yapatayo 1,400 kwa sheria iliyopewa jina la diwani Marthe Richard, ambaye mwenyewe aliwahi kuandikishwa kuwa kahaba akiwa kijana huko Nancy, lakini wanawake wakaendelea kuwekwa kwenye faili za afya hadi 1960. Tarehe hiyohiyo mwaka 2016, miaka sabini kamili baadaye, ikachukua njia ya Sweden: mnunuzi hutozwa faini ya hadi euro 1,500 kwa kosa la kwanza.

Katikati ya mwaka 2024, wilayani Ubungo, Dar es Salaam, viongozi na polisi waliendesha msako wa madada poa nyakati za usiku. Ile aya ya uzururaji inayomtaja kahaba ilikuwa bado imo katika Kanuni ya Adhabu, ingawa Uingereza ilikuwa imefuta jina hilo kwenye ile sheria yake ya 1959 tangu 2009. Mwezi Julai Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mjini Strasbourg, ilikataa maombi ya watu 261 waliodai kwamba sheria ya Ufaransa ya kuwaadhibu wanunuzi inawasukuma wauzaji hatarini, ikisema nchi za Ulaya hazijakubaliana kuhusu jambo hilo na Ufaransa ina nafasi ya kujiamulia. Na tarehe 1 Desemba, Ubelgiji ikawa nchi ya kwanza kutoa mkataba wa ajira wenye likizo ya uzazi, malipo ya ugonjwa na pensheni kwa mtu anayeuza ngono. Mwajiri lazima athibitishwe na serikali, kila chumba kiwe na kitufe cha kuita msaada, na mfanyakazi haachishwi kazi kwa kumkataa mteja. Mkataba huo hauwahusu wanaojitegemea, wala wasio na karatasi za kuishi nchini humo.